Jibu kwa fundi wa faiba wa Kariobangi: mjenzi mvumbuzi wa boti za uvuvi hufanya kazi vipi?

Msomaji mmoja wa Kariobangi, hapa Nairobi, ameniandikia hivi: "Mimi ni fundi wa faiba. Natengeneza matangi ya maji na vipande vya mabodi ya matatu. Nimesoma habari za Peter Schmidt wa Seattle, Marekani, mjenzi wa boti za uvuvi wa kibiashara anayesifiwa kwa uvumbuzi wake. Naomba unieleze, mtu kama yule alifanya nini hasa hata akahesabiwa kuwa mvumbuzi na si muundaji wa boti tu? Na je, fundi aliye Nairobi, mbali na bahari na mbali na ziwa, anaweza kuifuata njia hiyo, au nibaki na matangi yangu?"

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la kwanza, kwa sababu la pili linategemea jibu lake. Schmidt alikuwa msanifu wa meli, na mwaka 1953 alianzisha Seattle kampuni iliyoitwa Marine Construction and Design, ambayo wavuvi wa Pasifiki waliijua zaidi kwa jina la Marco. Boti nzuri zilikuwa zikiundwa katika pwani ile miaka mingi kabla yake, na mafundi wake wa mbao hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kuchonga mkuku (uti wa mgongo wa chombo) wala kupinda mataruma (mbavu zake). Kwa jinsi ninavyoielewa kazi yake, kilichomtofautisha ni mahali alipoanzia kufikiri. Ni rahisi mjenzi kuanza na chombo, kisha akamwachia mvuvi ahangaike kutafuta nafasi ya wavu wake. Schmidt alianza na wavu: unaingiaje majini, unatokaje, nani anauvuta, na anapouvuta anasimama wapi. Chombo kilikuja baadaye, kikiwa jibu la maswali hayo.

Ili uone uzito wa jambo hili, fikiria uvuvi wa wavu wa kuzungusha ulivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wavu wenye urefu wa mamia ya mita huzungushwa ukalizingira kundi la samaki, kamba ya chini huvutwa hadi upande wa chini ukajifunga, kisha wavu wote, ukiwa umelowa, hurudishwa sitahani. Kazi hiyo ya kuurudisha ilifanywa kwa mikono. Wanaume walijipanga shetri, yaani nyuma ya chombo, kila mmoja amekamata nyuzi kwa vidole vilivyochubuka kwa chumvi, wakivuta chombo kinapolalia upande wa wavu, na wakikaza kwa nguvu zao zote kinapoinuka ili wasipokonywe walichokwisha kukipata. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, na bahari ikichafuka haikufanyika. Nyavu za pamba zilikuwa nzito zikilowa na zilioza upesi, na nailoni ilipoanza kuchukua nafasi yake katika muongo huo, kilichobaki kuuwekea wavu mpaka ni misuli ya watu.

Aliyepata dawa ya tatizo hilo hakuwa Schmidt. Alikuwa Mario Puratić, mvuvi mhamiaji kutoka kisiwa cha Brač huko Kroatia, ambaye alikuwa akivua katika maji ya California ya kusini. Puratić alitundika kwenye ncha ya boriti ya kunyanyulia kapi kubwa lenye mfereji wa umbo la V uliovishwa mpira, akalizungusha kwa nguvu ya mashine. Wavu hukusanywa ukawa kamba moja nene inayopita juu ya kapi, na uzito wake wenyewe huukandamiza ndani ya mfereji, hivyo kwamba kadiri unavyozidi kuwa mzito ndivyo kapi linavyozidi kuukamata. Hakuna ndoano wala meno ya chuma ya kuchana nyuzi. Nakisifu kifaa hiki kila ninapokifundisha, kwa sababu kinachukua kile kile kilichokuwa kikiwaumiza watu, yaani uzito, na kukifanya ndicho kinachofanya kazi.

Kampuni ya Schmidt ndiyo iliyolichukua kapi hilo katikati ya miaka ya 1950, ikalitengeneza kiwandani, ikaliboresha na kulisambaza duniani, huku likiendelea kubeba jina la aliyelibuni. Liliingia katika maisha ya watu kiasi kwamba noti ya dola 5 ya Kanada ya mfululizo wa 1972 ilichapishwa ikiwa na picha ya BCP 45, chombo cha kuvua samoni kwa wavu wa kuzungusha. Zingatia hapa, ndugu yangu, kwamba mjenzi mwenye jina kubwa alimsikiliza mvuvi, akatambua thamani ya alichokibuni, na hakuona haya kukiuza kwa jina la mwenyewe. Kwangu mimi, tabia hiyo ni nusu ya ufundi wake.

Nusu ya pili ni hesabu, na naomba ukae nami kidogo, maana ni jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Mzigo unaoning'inia haukilemei chombo mahali ulipo. Hukilemea mahali ulipotundikwa. Ukitundika tani moja ya wavu kwenye ncha ya boriti iliyo mita 6 juu ya sitaha, basi kwa hesabu ya uthabiti wa chombo ni sawasawa na kuipandisha tani hiyo mita 6 juu ya sitaha, hata kama wavu wenyewe bado unagusa maji. Kitovu cha uzito hupanda, uwezo wa chombo kujiinua kinapolala ubavu hupungua, na wavu uliojaa samaki ukivuta upande mmoja, chombo kinaweza kupinduka pamoja na watu wake. Kwa hiyo anayemuuzia mvuvi kapi pasipo kukichunguza chombo kitakacholibeba amemuuzia hatari. Chombo hicho kinahitaji upana zaidi, uzito zaidi chini karibu na mkuku, mlingoti na boriti za kuhimili mvuto, sitaha ya nyuma iliyo wazi ili wavu upangwe bila kunasa, na mfumo wa haidroliki unaoendeshwa na injini kuu. FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipowakutanisha wataalamu wa boti za uvuvi mjini Roma mwaka 1959, mchango wa Schmidt ulihusu mpangilio wa sitaha na vifaa vya kuvulia kwa wavu wa kuzungusha. Kwa nini mjenzi wa boti azungumzie sitaha na vifaa mbele ya wasanifu wa meli? Kwa sababu alikwisha kuona kwamba kifaa na chombo ni kitu kimoja, na kwamba anayeunda kimoja bila kingine ameiacha kazi nusu.

Miaka yake iliyofuata ilikwenda kwa mwendo huo huo. Wavuvi wa kaa wa Alaska walipohitaji vyombo vya kubeba mitego mikubwa ya chuma katika bahari yenye baridi kali, Marco iliunda vyombo hivyo, na pia mashine za kuivuta mitego kutoka kilindini. Iliunda hata vyombo vyenye mkanda wa kukusanya mafuta yaliyomwagika majini, kazi ambayo kwa juu haina uhusiano na uvuvi, lakini kwa fundi ni swali lile lile la kutoa kitu majini na kukileta sitahani.

Upande wa pili wa habari hii sitauficha. Kapi, nailoni na vyombo vya kusikilizia samaki chini ya maji vilipokutana, uwezo wa kuvua ulipita uwezo wa samaki kuzaana. Uvuvi wa heringi katika Bahari ya Kaskazini ulifungwa mwaka 1977 baada ya samaki hao kupungua vibaya, na anchoveta wa Peru walianguka mwaka 1972, uvuvi uliopita kiasi ukichangia pamoja na El Niño. Simlaumu aliyebuni kapi. Lakini mjenzi anayebuni chombo chenye uwezo mara tatu ya kile kilichokuwapo anapaswa kujua maji anayokipeleka yana samaki kiasi gani, na sisi wa Ziwa Victoria, ambao tumeshuhudia sangara wakipungua na kudumaa, hatuna udhuru wa kutojua.

Sasa nakuletea mtu wa pili, ambaye naamini ni mfano bora zaidi kwako kuliko Schmidt. Øyvind Gulbrandsen, msanifu wa meli kutoka Norway, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi katika FAO akishughulikia boti ndogo za wavuvi wa nchi zenye joto. Katika miaka ya 1980, akiwa na mradi wa Ghuba ya Bengal uliokuwa na makao yake Madras, alikabiliwa na ufuo wa mashariki mwa India, ambao hauna bandari na ambako mawimbi huvunjikia mchangani mwaka mzima. Boti yenye injini ya ndani ilikuwa haifai huko, kwa sababu rafadha (propela) na mhimili wake vilivunjika kila chombo kilipogusa mchanga. Jawabu lilikuwa kuiweka injini ndogo ya dizeli ndani ya kisanduku pamoja na mhimili na rafadha, kisha mfumo wote ukafungwa juu ya egemeo lenye mpira unaozuia maji kuingia, ili mvuvi anapokaribia ufuo ainue injini na rafadha kwa pamoja. Chombo cha faiba kilichobeba mfumo huo kilipitia mifano kadhaa kabla ya kukubalika, kila mfano ukirekebishwa baada ya wavuvi wenyewe kuuingiza kwenye mawimbi na kurudi na malalamiko yao.

Gulbrandsen alishughulika pia na mafuta ya injini kwa uangalifu ambao sijauona kwa wengi. Katika miongozo yake alionyesha kwamba injini ya nje ya petroli ya mipigo miwili hunywa karibu mara mbili ya mafuta yanayotumiwa na dizeli kwa nguvu ile ile, kwamba rafadha kubwa inayozunguka polepole husukuma vizuri kuliko ndogo inayokwenda kasi, na kwamba mwendo ndio mlaji mkubwa kuliko vyote. Boti ya kawaida yenye urefu wa mita 8 kwenye maji, ukiipandisha mwendo kutoka noti 6 hadi noti 7 (yaani maili za baharini kwa saa), itadai nguvu zaidi kwa zaidi ya nusu. Mvuvi anayeokoa dakika chache za safari kwa bei hiyo anaitoa mfukoni mwa watoto wake, na ni wajibu wa mjenzi kumwambia hivyo kabla hajanunua injini.

Kwa hiyo, je, fundi wa Nairobi anaweza? Anaweza, ila asianze kwa kuchora boti. Tuna somo la karibu huko Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ambako kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa kwa msaada wa Norway. Kugandisha samaki katika joto lile kulikuwa ghali kupita thamani ya samaki wenyewe, na katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kwa samaki, ikakauka. Fedha na wataalamu walikuwapo, lakini kilichoanza ni mtambo, si samaki wala wavuvi.

Nenda ufuoni ukaitazame kazi. Ningekuwa wewe ningepanda gari usiku kwenda Kisumu, nikashuka Dunga au nikaendelea hadi Mbita, nikaomba ruhusa kwa BMU, yaani chama kinachosimamia ufuo, kukaa na wavuvi wa omena. Utaona taa, siku hizi nyingi zikiwa za sola badala ya karabai, zikielea juu ya maji na kuwavuta omena. Utaona wavu wa matundu madogo ukivutwa kwa mikono na watu waliosimama wote upande mmoja, hadi ukingo wa boti unabakiza upana wa kiganja juu ya maji, huku mmoja akikumba maji kwa mtungi uliokatwa. Hapo pana maswali matatu au manne ambayo hayajapata jawabu la kuridhisha. Je, wavu huo unaweza kuvutwa na kifaa chepesi kinachoendeshwa kwa mkono, kilichofungwa chini kiasi cha kutopandisha kitovu cha uzito? Je, yale maji ya ndani, ambayo hukimbilia upande ambao boti imelalia na kuizidishia ulalo, yanaweza kuzuiwa kwa vigawanyo sakafuni? Magugu maji yanayojaa Ghuba ya Winam hujifunga kwenye rafadha na kuziba tundu la maji ya kupoza injini, basi je, dizeli ndogo inayopozwa kwa hewa, yenye rafadha inayoinuliwa kama ile ya Madras, haifai Dunga? Sina jibu la maabara kwa hili la mwisho, lakini ningekuwa kijana ningelishughulikia kabla ya jingine lolote. Na ukilishughulikia, kumbuka kwamba Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake huko kwa uhaba wa hewa.

Ufundi wako wa faiba una thamani kubwa, kwa kuwa mbao ngumu kama mvule zimeadimika na misumari ya boti za mbao huliwa na kutu mapema. Hata hivyo tangi na boti havifanani katika mambo mawili. Tangi hubeba mzigo uliotulia, lakini boti hupigwa na mawimbi maelfu ya mara, huburutwa mchangani na kugongana na nyingine, kwa hiyo mkuku, pembe na ufito wa ukingoni vinahitaji tabaka za ziada, tena za kitambaa cha faiba kilichofumwa na si mati (nyuzi zilizotawanywa bila kufumwa) peke yake. Pili, boti ya faiba ni nyepesi kuliko ile ya mbao iliyolowa, na ukinakili umbo la boti ya Sesse, ile ya mbao ya wavuvi wa Ziwa Victoria, kwa faiba bila kulibadilisha, itaelea juu zaidi, itasukumwa na upepo na itayumba kwa mitikisiko mifupi ya ghafla. Wavuvi watakuambia kwamba inacheza, nao watakuwa wanasema kweli. Ongeza upana kidogo kwenye usawa wa maji, weka injini chini kadiri inavyowezekana, na ujaze povu lisilonyonya maji katika vyumba vilivyofungwa ili boti ikijaa maji isizame.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo mafundi wa Mombasa hawalijui. Usiku wa Julai hapa joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na rezini iliyopakwa jioni katika baridi hiyo haikauki inavyostahili. Usilikabili tatizo hilo kwa kuzidisha kemikali ya kugandishia, kwa sababu ukipita kiasi alichoagiza mtengenezaji, faiba huwa kavu na yenye kuvunjika. Paka asubuhi, funga karakana dhidi ya upepo, na uwe na kipimajoto ukutani. Umbali wa ziwa haunisumbui kama hili. Boti ya mita 7 yenye upana wa mita 2 hulala juu ya lori la kawaida, na malighafi na vipuri utavipata Industrial Area kwa urahisi kuliko mjenzi wa Homa Bay.

Matangi usiyaache, kwa sababu yatakulipia majaribio. Ningekushauri kazi ya kwanza iwe masanduku ya barafu, kwa maana samaki wa nchi za joto anahitaji karibu kilo moja ya barafu kwa kila kilo moja ya samaki, na sanduku baya huiyeyusha barafu hiyo kabla boti haijafika ufuoni. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa kwa sababu za usafi na usalama wa chakula, na tangu hapo jinsi samaki anavyoshikwa kutoka botini imekuwa jambo la fedha. Sanduku la ngozi mbili za faiba zenye povu katikati, lenye kona za mviringo zinazosafishika, tundu la kutolea maji ya barafu na kifuniko kinachofunga kisawasawa, unaweza kulitengeneza mwezi huu na kuwapa wafanyabiashara wa samaki wa Gikomba walijaribu. Kwa kulifuatilia sanduku hilo kutoka Gikomba kurudi nyuma hadi ufuoni, utaingia botini ukiwa na sababu ya kuwapo.

Ukifikia kuunda boti yako ya kwanza, peleka michoro kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya mapema, kwa kuwa ndiyo inayokagua na kusajili vyombo vidogo, na ni rahisi kurekebisha kwenye karatasi kuliko kwenye faiba iliyokwisha kukauka. Fanya jaribio la kuilaza: weka mzigo unaoujua uzito wake upande mmoja, pima kwa timazi boti imelala kiasi gani, kisha umwombe mhandisi akusaidie kupata kitovu cha uzito. Jaribio lote ni kazi ya asubuhi moja kwenye maji yaliyotulia. Na katika mkataba na mnunuzi weka kifungu kimoja ambacho wengi hawakiweki, kwamba baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mwaka, utaikagua boti bila malipo ikiwa kazini, usiku kama huvua usiku, na kwamba yeye ataandika katika daftari lita za mafuta alizotumia kila safari na kila kilichovunjika. Punguza bei kidogo ili akubali. Daftari hilo ndilo utakalolichorea boti ya pili.